UZI: Antijeni za kurithi zinavyoamua seli za kinga za panya zione nini na zisione nini

Kisimani (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Kwenye uzi wa upandikizaji wa figo kuna mdau aliuliza kwa nini mwili wa mgonjwa unaweza kuikataa figo ya ndugu yake wa damu hata kama makundi yao ya damu yanaoana. Akajibiwa "ni HLA", mjadala ukaishia hapo. HLA ni antijeni za kurithi za binadamu, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga inaweza kuzitambua, lakini mengi tunayoyajua kuihusu yalianzia kwa panya, na kwa panya ndiko yanakoeleweka vizuri zaidi, kwa sababu panya unaweza kumzalisha na yeyote umtakaye na kuangalia watoto wamerithi nini. Naandika kwa kirefu. Mada hii kwa Kiswahili haipatikani, na kwangu mimi ni moja ya habari kubwa kabisa za baiolojia ya karne ya 20.

Tuanze na panya wenyewe. Panya wa maabara hawafanani na wa darini. Wamezalishwa kaka kwa dada vizazi 20 na zaidi, mpaka wote wa ukoo mmoja wakawa karibu sawa kabisa kijeni. Kila ukoo una jina lake: CBA, C57BL/6, DBA/2, BALB/c. Ukichukua kipande cha ngozi ya CBA ukampandikizia CBA mwingine, kinashika. Ukimpandikizia C57BL/6, baada ya wiki mbili hivi kimekauka na kudondoka.

Mwaka 1936, Mwingereza Peter Gorer, akifanya kazi London, alikuwa anatafuta makundi ya damu ya panya. Alipata antijeni kadhaa kwenye chembe nyekundu, akazipa namba. Ile namba II ndiyo iliyomshangaza. Alipopandikiza uvimbe wa saratani kutoka kwa panya wa ukoo A kwenda kwa panya wa koo nyingine, waliokuwa nayo hiyo antijeni waliuacha uvimbe ukue. Wasiokuwa nayo wakaukataa, na damu yao ikawa na kingamwili dhidi ya antijeni ileile. Yaani kitu kinachokaa juu ya chembe ya damu, kinachorithiwa kutoka kwa wazazi kama rangi ya manyoya, ndicho kilichokuwa kinaamua tishu ipokelewe au ifukuzwe.

Upande wa pili wa bahari, Marekani, George Snell wa Jackson Laboratory kule Bar Harbor alikuwa anazitafuta jeni hizohizo kwa njia ya ufugaji. Njia yake ilidai subira isiyo ya kawaida. Unapandisha koo mbili, unawapa wajukuu uvimbe, unawachagua wale tu waliokataa uvimbe, unawarudisha kwa ukoo wa mwanzo, unarudia tena na tena kwa miaka. Mwishowe unapata panya ambaye karibu kila jeni yake ni ya ukoo mmoja, isipokuwa kipande kidogo tu cha kromosomu kinachobeba ile jeni ya kukataa. Oktoba 1947 moto wa msituni uliunguza maabara ile pamoja na panya wengi mno, na kazi ikabidi ijengwe upya. Mwaka 1948 Gorer na Snell walichapisha pamoja: antijeni II ya Gorer na jeni ya Snell ni sehemu moja. Ikaitwa H-2. Leo tunajua iko kwenye kromosomu namba 17 ya panya. Snell alipata Nobel mwaka 1980 pamoja na Jean Dausset na Baruj Benacerraf. Gorer alikuwa amefariki mwaka 1961, na Nobel haipewi marehemu. Hilo huwa linaniuma kila nikilisoma.

Lakini jiulizeni: maumbile hayakujua upasuaji. Hakuna panya wa porini aliyewahi kushonewa ngozi ya mwenzake. Basi H-2 ipo kwa kazi gani? Hapo ndipo penye uzi wenyewe. Nakula kwanza, nitarudi.

Mwl_Baiolojia:

Mkuu shusha, tupo. Mimi nafundisha kidato cha tano na cha sita, na kitabu kinaandika mstari mmoja tu kuhusu jambo hili. Swali langu: hizo antijeni za H-2 ni moja au ni nyingi?

Kisimani:

Mwalimu, ni kundi la jeni zilizokaa karibu karibu, ndiyo maana zinarithiwa kwa pamoja. Daraja la kwanza ni K, D na L, na protini zake ziko juu ya karibu kila seli ya mwili. Daraja la pili ni I-A na I-E, zinazoonekana hasa kwenye seli za kinga zenyewe. Kila ukoo una toleo lake, nalo hupewa herufi: CBA wana H-2 ya k, C57BL/6 wana b, na DBA/2 pamoja na BALB/c wote wana d. Shikeni hilo la DBA/2 na BALB/c kuwa na herufi moja, litakuja kutusumbua baadaye.

Sasa kazi ya H-2. Fununu ya kwanza haikutokana na upandikizaji. Hugh McDevitt na Michael Sela walitengeneza protini bandia iliyokuwa na asidi amino (vijenzi vya protini) za aina chache tu, wakawadunga panya, wakapima kingamwili. Taarifa yao ya mwaka 1965 inasema panya wa C57 walitoa kingamwili takriban mara kumi zaidi ya CBA. Mtu angeweza kusema basi, C57 wana kinga nzuri na CBA wana kinga mbovu. Wakabadilisha asidi amino moja tu katika ile protini, tairosini ikatolewa ikawekwa histidini. Mambo yakageuka juu chini: CBA wakajibu kwa nguvu, C57 wakanyamaza.

Naomba tusilipite hili haraka. Ukoo uleule, panya walewale, kwa kitu kimoja ni hodari na kwa kingine ni kama hawaoni. Kinga haikuwa kipaji kimoja ambacho huyu amepewa na yule amenyimwa. Baadaye McDevitt alitumia panya wa aina aliyoianzisha Snell, wanaotofautiana H-2 pekee, na ikaonekana wazi kwamba tofauti hiyo ya kujibu au kutokujibu inasafiri pamoja na H-2. Antijeni ya kukataa ngozi na uwezo wa kuitambua protini fulani vinakaa mahali pamoja kwenye kromosomu.

Nesi_Dodoma:

Samahani kaka, hapo nimeachwa kidogo. Kama H-2 iko juu ya seli za panya mwenyewe, inahusianaje na kukitambua kitu cha nje? Mimi najua kinga inatambua kigeni, basi.

Kisimani:

Dada, swali lako ndilo lililojibiwa Canberra, Australia, mwaka 1974. Peter Doherty, daktari wa mifugo kutoka Queensland, na Rolf Zinkernagel, daktari wa binadamu kutoka Basel. Walikuwa wanachunguza kirusi kiitwacho LCMV ambacho huvimbisha utando wa ubongo wa panya. Walichukua seli T (seli nyeupe za kinga, ambazo baadhi huua seli zilizoambukizwa) za panya wa CBA aliyeambukizwa, wakaziweka pamoja na seli zilizoambukizwa kirusi hichohicho, ambazo zilikuwa zimelishwa kromiamu ya mionzi. Seli ikiuawa, kromiamu inavuja nje na unaipima. Seli T za CBA ziliua vizuri kabisa.

Wakarudia na koo nyingine. Panya wa H-2 tofauti, ameambukizwa kirusi kilekile, seli T zake zina nguvu zote. Ukizipa seli zilizoambukizwa za H-2 ya k, haziziui. Kirusi wanakijua, lakini hawakitambui kikiwa kwenye seli ya mwenye H-2 nyingine.

Maana yake, seli T haioni kirusi peke yake hata siku moja. H-2 ni sinia: seli inavunjavunja protini zilizomo ndani yake, zake yenyewe na za kirusi kama kipo, inaweka vipande vidogo juu ya sinia na kuvitoa nje. Seli T inaangalia kipande na sinia kwa pamoja. Mwaka 1987 Pamela Bjorkman na wenzake huko Harvard walionyesha umbo la molekuli ya binadamu inayofanya kazi hii, na ule mfereji wa kuwekea kipande unaonekana kwa macho kwenye picha. Kwa daraja la kwanza, vipande vingi vina asidi amino nane hadi kumi tu.

Sasa rudi kwa McDevitt. H-2 ya kila ukoo ina mfereji wenye umbo lake, kwa hiyo inashika vipande hivi na kuviacha vile. Kipande kisichoshikika hakitoki nje, na kisichotoka nje seli T haikioni, hata kama mwili umejaa hicho kitu. Panya aliyenyamaza hakuwa mvivu. Hakuonyeshwa. Doherty na Zinkernagel walipata Nobel mwaka 1996.

Mifugo_Naivasha:

Naongezea kwa upande wa huku kwetu kwa sababu unahusika moja kwa moja. Doherty huyo aliwahi kuwa kwenye bodi ya ILRAD, ile maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973, ambayo baadaye iliunganishwa na nyingine kuwa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Miaka ya 1980 watafiti wa pale walionyesha kuwa ng'ombe aliyechanjwa dhidi ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, hujikinga kwa seli T zinazoua seli nyeupe zenye vimelea vya Theileria, na kwamba kuua huko kunafuata kanuni ileile ya Canberra: seli T ya ng'ombe huyu inaua seli yenye antijeni za kurithi za ng'ombe huyu. Kwa ng'ombe jeni hizo zinaitwa BoLA. Ndiyo sababu moja ya ugumu wa chanjo ya ndigana: ng'ombe wenye BoLA tofauti hukazia macho vipande tofauti vya kimelea kilekile, kwa hiyo kinga ya mmoja inaweza kukosa aina ya kimelea ambayo jirani yake anaimudu.

Na kuhusu panya: ukiwaambukiza vimelea vya nagana, Trypanosoma congolense, C57BL/6 wanaishi muda mrefu zaidi kuliko BALB/c na A/J. Mwaka 1997 watafiti wa ILRI na wenzao walichapisha sehemu tatu za jeni zinazochangia tofauti hiyo. Yenye mchango mkubwa kuliko zote iko kwenye kromosomu 17.

Kisimani:

Asante sana mkuu, hili nilitamani mtu wa mifugo alilete. Niongeze tahadhari tu: kukaa jirani na H-2 kwenye kromosomu si sawa na kuwa H-2 yenyewe. Eneo lile limesongamana jeni nyingi za kinga, ikiwemo ya TNF, protini ambayo seli za kinga hutumia kuchochea uvimbe. Wasomaji wasiondoke hapa wakidhani kila kinachotokea kwenye kromosomu 17 kimefanywa na sinia.

Jasiri_wa_Tanga:

Nimefuatilia toka mwanzo. Ulisema tushike DBA/2 na BALB/c, wote H-2 ya d. Ina maana ukichanganya seli zao hazitapigana?

Kisimani:

Nilikuwa nalisubiri swali hili, maana sehemu ninayoipenda kuliko zote ndiyo hii.

Kuna kipimo cha kuchanganya seli nyeupe za panya wawili kwenye chombo. Wakiwa na H-2 tofauti, seli T zinashtuka na kuanza kugawanyika kwa wingi. Wakiwa na H-2 moja, unategemea utulivu. Lakini ukichanganya za BALB/c na za DBA/2, zile za BALB/c zinalipuka kwa nguvu inayokaribia ya H-2 tofauti. Hilliard Festenstein wa London alilichunguza jambo hili na mwaka 1973 akaziita antijeni hizo Mls. Zilirithiwa kwa utaratibu wa Mendel kama kawaida, lakini hazikuwa sehemu ya H-2. Na walipojaribu kutengeneza kingamwili za kuitambua Mls, walishindwa kwa miaka mingi. Seli T zinaipigia kelele, kingamwili haziioni. Antijeni gani hii?

Mwaka 1988 likaja jambo la ajabu zaidi. Seli T hutofautiana kwa vipokezi vyao, na vipokezi vimegawanyika katika familia. Panya aliyerithi Mls ya DBA/2, iitwayo Mls-1a, karibu hana kabisa seli T zilizokomaa za familia mbili, Vβ6 na Vβ8.1. Hazipo. Zilianza kuumbwa kwenye tezi ya thaimasi, zikakutana na Mls, zikafutwa kabla ya kutoka, kwa sababu mwili unazifuta seli T zinazoushambulia mwili wenyewe. Ndiyo maana BALB/c wanashtuka: wao hawana Mls-1a, familia hizo wanazo, na mara zinapoiona zinaamka zote kwa pamoja bila kujali ni kipande gani kimewekwa juu ya sinia. Kitu kinachoamsha familia nzima namna hiyo kinaitwa supaantijeni.

Mwaka 1991 makundi kadhaa ya watafiti yakafika kwenye jibu kwa wakati mmoja. Mls ni jeni ya kirusi. Ni kirusi cha saratani ya matiti ya panya, MMTV, ambacho zamani kilijiingiza ndani ya kromosomu za mababu wa panya hao na tangu hapo kinarithiwa kama jeni nyingine yoyote.

Na kirusi hicho kilikuwa kinajulikana. Mwaka 1936, mwaka uleule wa Gorer, John Bittner wa Jackson Laboratory alionyesha kwamba majike wa ukoo wenye saratani nyingi za matiti wanaiambukiza mitoto yao kwa maziwa. Ukiwaondoa watoto wakanyonya kwa mama wa ukoo mwingine, saratani inapungua sana. Kwa hiyo kuna kirusi kinachokuja na maziwa, na kuna ndugu zake waliokwisha kuwa sehemu ya jeni za panya.

Kinachokuja na maziwa kinahitaji nini ili kiambukize? Kinaingia kwenye seli B (seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili) tumboni mwa mtoto, seli hizo zinaonyesha supaantijeni yake, seli T zinaamka na kuzichochea seli B zigawanyike, na kirusi kinaongezeka ndani ya ghasia hiyo mpaka kifike kwenye matiti. Kinaitumia kinga kama njia yake ya kupita. Mwaka 1992 Tatyana Golovkina na wenzake walichapisha jaribio la panya waliowekewa jeni ya supaantijeni hiyo tangu kwenye yai. Seli T zinazohusika zilifutwa mapema. Watoto hao walinyonya maziwa yenye kirusi, na kirusi hakikuwashika.

Pengo kwenye kinga ndilo lililowakinga. Mimi nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanisisimua.

Mwl_Baiolojia:

Hili nalibeba darasani. Kwa hiyo antijeni ya kurithi inafanya kazi mbili: inaamua kipande gani kionyeshwe, na inaamua seli T zipi zibaki?

Kisimani:

Hasa, mwalimu. Na zote mbili zinaingiliana. Mfano C57BL/6: jeni inayohitajika kutengeneza sehemu moja ya I-E imekatika, kwa hiyo hawana I-E juu ya seli zao. Supaantijeni nyingi za MMTV zinahitaji I-E ili zionekane vizuri kwa seli T. Ndiyo maana katika C57BL/6 familia nyingi za seli T ambazo kwa koo nyingine zimefutwa, kwao zipo.

Nesi_Dodoma:

Turudi kidogo kwa wagonjwa wetu. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na huku kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafuata mwaka 2018. Ndugu wanaojitolea wanapimwa HLA. Kama HLA zimeoana kwa asilimia mia, je, dawa za kushusha kinga zinaweza kuachwa?

Kisimani:

Hapana dada, na panya wanatuonyesha sababu. Mwaka 1955 Eichwald na Silmser walipandikiza ngozi kati ya C57BL/6 kwa C57BL/6, ambao H-2 yao ni moja na jeni nyingine zote ni moja. Ngozi ya jike kwa dume ilishika. Ngozi ya dume kwa jike ilikataliwa. Tofauti pekee ni kromosomu Y: protini zake zinavunjwa, vipande vinawekwa kwenye H-2, na kinga ya jike haijawahi kuviona. Hii inaitwa H-Y, na ni moja tu kati ya antijeni ndogo nyingi. Binadamu wawili wa kawaida, hata ndugu wenye HLA zinazooana zote, wanatofautiana vipande vingi sana vya aina hiyo. Mapacha wa yai moja ndio wa pekee. Kwa wanaopandikizwa uboho, mwanaume aliyepewa uboho wa mwanamke ana hatari kubwa zaidi ya seli za mtoaji kuushambulia mwili wake, na H-Y ni sehemu ya sababu.

Ila angalia na hili: majike wa CBA, wenye H-2 ya k, kwa kawaida hawaikatai ngozi ya dume wa ukoo wao. Kromosomu Y ipo, protini zipo, lakini sinia zao hazizionyeshi kwa namna ya kuamsha mashambulizi. Ni yale yale ya McDevitt.

Jasiri_wa_Tanga:

Swali la mwisho mkuu. Kuna ugonjwa wowote ambao umefungamana na H-2 moja kwa moja?

Kisimani:

Upo, na ni kisukari, kile cha aina ya kwanza kinachotokana na kinga kushambulia kongosho. Kuna ukoo wa panya uliotokea Japani, unaitwa NOD, ulioandikwa mwaka 1980. Wanaugua wenyewe bila kufanywa chochote, majike wengi kuliko madume. I-A yao ni ya kipekee: kwenye nafasi ya 57 ya mnyororo wa beta hawana asidi aspatiki ambayo koo nyingi wanayo. Mwaka 1987 McDevitt, yuleyule wa protini bandia, pamoja na John Todd na John Bell walionyesha kwamba nafasi hiyohiyo ya 57 inahusiana na hatari ya kisukari kwa binadamu, kwenye HLA-DQ, inayolingana na I-A ya panya.

NOD pia hawana I-E, kama C57BL/6. Mwaka huohuo wa 1987 watafiti walichapisha kazi ambapo waliwapandisha NOD na panya wa C57BL/6 waliowekewa jeni ya kutengeneza I-E, wakapata wazao wanaoitengeneza.  Kongosho za panya hao hazikushambuliwa.

Jasiri, ukitaka kuendelea na NOD nifungulie uzi mpya, kwa sababu kuna hadithi ndefu ya jeni nyingine zilizo nje ya H-2, na huu umeshakuwa mrefu kwa wanaosoma kwenye simu.